Haukuwa usingizi wa pono: kisa cha mtoto aliyekoroma benchini

Bibi alimleta kwa sababu ya jino. Meno mawili ya kudumu yalikuwa yameota chini, mbele, nyuma ya meno ya maziwa ambayo bado hayajang'oka, na kule chuoni, kwenye madrasa, wenzake walishaanza kumwita Papa, maana papa ndiye mwenye safu mbili. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Meno ya chini ya mbele mara nyingi huota hivyo kwa watoto wa miaka 6 au 7. Ya maziwa yakilegea na kutoka, ulimi huyasukuma mapya yakasogea mbele, na kazi yangu huwa ni kumwambia mtoto alitikise jino lake kwa bidii. Ningemaliza naye kwa dakika tano.

Ila alipokuwa akingoja zamu, alisinzia. Ilikuwa saa nne asubuhi, watu wamejaa, mtoto mchanga alia, na yeye kaketi kichwa kimeegemea ukuta, kinywa wazi, akakoroma. Watu wakacheka. Bibi naye akacheka. "Huyu ana usingizi wa pono, mwanangu. Usiku nyumba nzima twamsikia."

Mimi ni afisa wa afya ya kinywa hapa Lamu. Familia imenipa ruhusa kukiandika kisa hiki, nami nimebadilisha mambo ya hapa na pale ili mtoto asitambulike. Siandiki kwa kuwa kilikwenda vizuri. Kabla ya siku ile mtoto alikuwa ameshapita mikononi mwa watu wanne wa afya, kila mmoja akashika kipande chake akakiandika vizuri, na hakuna aliyeviunga. Wa tatu kati ya hao wanne ni mimi.

Bibi alikuwa na kijitabu cha kliniki ndani ya mkoba. Mama mtu alikuwa hajatoka arubaini ya uzazi, ndiyo sababu bibi akaja yeye. Nilikifungua nikasoma. Miaka 3: mafua yasiyoisha, dawa ya maji. Miaka 4: mafindofindo, amoksilini, na mwaka ule ule tena, na tena. Miaka 5: mwandiko wangu mwenyewe, gego la pili la maziwa, chini kushoto, limeoza, limeng'olewa. Miaka 6, mahali pengine: "anapumua kwa shida usiku", akapewa dawa ya pumu ya kuvuta, ingawa hakuna aliyeandika kwamba alisikia kifua kikilia. Uzito wa siku ile, akiwa amebakisha miezi miwili kutimiza miaka 7, ulikuwa kilo 18. Ni mdogo kuliko wengi wa rika lake, na ndiyo maana hakuna aliyemfikiria. Kukoroma tunakujua kwa mababa wenye vitambi. Kijana mwembamba wa mbavu za kuhesabika akikoroma, tunasema amechoka kwa kucheza.

Nikamuuliza bibi: hukoroma siku ngapi kwa wiki? Akaniangalia kama niliyeuliza bahari huwa na chumvi siku ngapi. Kila usiku. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2012 unataka kila mtoto aulizwe swali hili anapoonwa. Usiku mmoja mmoja, mtoto akiwa na mafua, si kitu. Usiku watatu au zaidi kwa wiki ni jambo la kufuatiliwa.

Yaliyobaki aliyatoa mwenyewe, moja baada ya jingine. Hulala shingo kaipinda nyuma, au kapiga magoti kama anayesujudu. Mto huamka umeloa jasho hata wakati wa kusi, ambapo watu wengine hujifunika. Alishaacha kukojoa kitandani akiwa na miaka 4, akarudia alipofika 5. Kumwamsha alfajiri ni vita. Chuoni husimamishwa pembeni, na kosa lake si kusinzia: hatulii. Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu mzima asiyelala vizuri huzubaa, lakini mtoto mara nyingi hugeuka kuwa mtundu, asiyekaa, mwenye hasira za karibu. Mwalimu huona adabu mbovu.

Na kula? Hula mwisho. Mkate wa mofa huuzamisha kwenye chai mpaka ulainike, nyama huitafuna kinywa wazi, kisha huitema. Bibi aliona ni madeko. Mimi naona hesabu nyepesi: anayepumua kwa kinywa hawezi kutafuna na kupumua kwa pamoja, basi huchagua kinachomezeka upesi.

Kisha akashusha sauti. Alishamwandikisha kombe, aya za Kurani zinazoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa, mtoto akanywa siku saba, kwa sababu alikuwa akishtuka usiku kama aliyekabwa na jinamizi. Akangoja nimkemee. Sikuwa na la kumkemea. Kati yetu sote bibi ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, maana alisema mtoto anakabwa, na kweli alikuwa akikabwa, ila kwa nyama za mwili wake mwenyewe.

Nilimketisha kitini. Kabla ya kusema "fungua kinywa" nilimwangalia tu. Midomo haikutani. Wa chini umekauka na kupasuka, wa juu mfupi umejikunja. Chini ya macho kuna weusi. Juu ya pua, pale mfupa unapoishia, kuna mstari mwembamba wa kukingama, wanaoupata watoto wenye mzio kwa kuisugua pua kwenda juu kwa kiganja mara mia kwa siku. Ufizi wa mbele juu ulikuwa mwekundu na umevimba, wa nyuma ulikuwa mzuri. Uchafu wa meno peke yake hauchagui hivyo. Ufizi wa mbele ndio unaopigwa na upepo mchana na usiku.

Nikampa funda la maji, nikamwambia afumbe midomo asimeze mpaka nihesabu sitini. Nikaanza. Kufika tano mabega yalipanda. Kufika tisa macho yakamtoka. Kumi na moja akameza, akavuta pumzi kwa kinywa kama aliyeibuka kutoka chini ya jahazi. Si kipimo cha kuandikia ugonjwa, maana mtoto mwenye mafua naye angeshindwa, lakini bibi alikiona kwa macho yake, na hilo lilitusaidia baadaye kuliko maneno yangu yote.

Ndani ya kinywa, mafindofindo yalikuwa makubwa, yamebakisha upenyo mdogo katikati. Kwa kipimo chetu cha moja hadi nne niliyapa tatu. Kaakaa lilikuwa jembamba, limepanda juu, kama ndani ya dau lililofudikizwa. Nikamwambia aume polepole. Meno yalipogusana tu, taya la chini likateleza upande wa kulia, na magego ya juu ya upande huo yakaingia ndani ya yale ya chini. Kawaida ya juu huyafunika ya chini kwa nje, mfano wa kifuniko na kopo. Hapa kifuniko kilikuwa kimekuwa kidogo kuliko kopo.

Kaakaa ndilo sakafu ya pua. Mtu akishalijua hili, nusu ya kisa imejieleza. Kwa mtoto anayepumua kwa pua, ulimi hupumzika juu, umeegemea kaakaa, na kwa kuegemea huko hulishikilia upana wake, huku mashavu yakibana kutoka nje. Pua ikiziba, kinywa hufunguka ili mtu aishi, ulimi hushuka chini, na mashavu hubaki yakibana bila mpinzani. Miaka ikipita, taya la juu huwa jembamba na uso hurefuka. Hii si habari mpya. Wilhelm Meyer, daktari wa Copenhagen, alizieleza adenoidi mwaka 1868, zile nyama zilizo nyuma kabisa ya pua ambazo huwezi kuziona kwa kufungua kinywa. Mwaka 1970 Linder-Aronson wa Sweden alichapisha vipimo vyake vya watoto waliozibwa na adenoidi, nyuso zao na mataya yao. Nyama hizi hukua na mtoto, hujaa zaidi kati ya miaka kama 3 hadi 7, kisha husinyaa akikaribia ubalehe. Taya linakua katika miaka hiyo hiyo, wala haliwezi kungoja nyama zisinyae.

Lakini si kila kilichopinda kinywani kimepindwa na pua. Upande wa kushoto chini, gego la kwanza la kudumu lilikuwa limesogea mbele na kula karibu nafasi yote ya jino litakalokuja. Hilo halihusiani na kukoroma. Nililifanya mimi, nilipong'oa gego la maziwa akiwa na miaka 5, kabla gego la kudumu halijaota, bila kuweka kishika nafasi wala kumwambia mtu arudi. Kulikuwa na foleni, mtoto alikuwa akilia kwa maumivu, jino lilikuwa halitibiki tena. Yote kweli. Na pia ni kweli kwamba siku ile nilikaa naye nusu saa kinywa wazi mbele ya uso wangu, nikaandika jino moja. Katika fomu yetu hapakuwa na mahali pa usingizi. Basi sikuuliza.

Mjomba wake ana simu nzuri. Nikawaomba wamrekodi usiku, dakika tano tu, saa mbili au tatu baada ya kulala, na tena karibu na alfajiri, shati limefunguliwa kifua kionekane. Video ya alfajiri ndiyo iliyosema. Walikuwa wamelala juu, makutini, mwanga wa taa ya nje wamwangukia ubavuni. Anakoroma, kifua kinazama ndani chini ya mbavu badala ya kupanda, tumbo ndilo linalopanda. Kisha kimya. Kifua bado kinahangaika, hewa haiingii. Punda analia mbali. Nikahesabu kwa saa ya mkononi: sekunde 9, 10, 11, kisha mshtuko, mguno, anajigeuza, anaanza tena. Kwa mtu mzima twaweza kuvumilia kukatika pumzi hadi mara 5 kwa saa. Kwa mtoto, zaidi ya mara moja kwa saa tayari si kawaida, na hata pumzi mbili mfululizo zikikosekana huhesabiwa. Katika dakika zile tano niliona mara tatu.

Usingizi wa pono! Wavuvi wanaosema hivyo wanajua kwamba ukimmulika pono usiku, humshika kwa mkono. Na wako pono wanaolala ndani ya kifuko cha kamasi zao wenyewe, wanachokitengeneza kila usiku. Kwa kamasi mtoto wetu alifanana nao. Kwa usingizi, hata kidogo.

Barua yangu ya kwanza ya kumpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo ilirudi na jibu fupi: hajafikisha idadi ya homa za koo. Nilikasirika, kisha nikaisoma barua yangu tena. Nilikuwa nimeandika "mafindofindo makubwa, hurudia". Aliyeijibu alifuata kanuni ya homa za koo: mara 7 kwa mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Kanuni sahihi, mlango si wake. Mtoto anayekatika pumzi usingizini hapimwi kwa idadi ya homa. Anaweza asiwe ameugua koo hata mara moja. Nikaandika upya: hukoroma kila usiku, hukatika pumzi, amerudia kukojoa, hanenepi, taya la juu limebana. Nikatuma na video. Jibu lilikuja wiki ile ile, na ombi la eksirei ya shingo ya ubavuni. Kipimo kamili ni kulala usiku mzima katika maabara ya usingizi mtoto akiwa amefungwa vihisio, wala si kipimo cha kukipata Lamu.

Kati ya barua na safari tulipewa wiki sita za dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe, na maji ya chumvi ya kusafishia pua. Nyumbani tulibadilisha tulichoweza. Mto wa usufi wa tangu enzi ya babu ulitolewa, ukawekwa mwingine unaofulika. Paka watatu wakahamishiwa uani, jambo lililomuudhi mtoto kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki. Dawa ya mbu ya kuchoma ikaachwa, chandarua kikarudi. Udi ulikuwa na mjadala. Bibi alisema nyumba yenye mzazi wa siku ishirini haiwezi kukaa bila udi. Tukakubaliana ufukizwe mchana, chumba cha mzazi, mlango wa mtoto umefungwa. Pua ilifunguka kiasi. Kukoroma kulipungua sauti, kukatika pumzi hakukuisha.

Maneno ya pembeni nayo hayakukosa. Jirani alishauri akakatwe kimio. Kimio kinaonekana kwa kuwa kinaning'inia mbele ya macho, lakini kilichoziba kiko nyuma ya pua na ubavuni mwa koo. Ukikikata utamwachia mtoto kidonda, damu na hatari ya pepopunda, na nyama zile ziko pale pale. Shangazi aliyeko Dubai akatuma video ya plasta ya kubandika midomo usiku ili mtoto "azoee pua". Kwa mtoto ambaye pua imeziba, huko ni kumfungia mlango pekee aliobaki nao. Hapo nilisema hapana kwa sauti niliyokuwa sijaitumia.

Swali zuri liliulizwa na baba kwa simu, maana yuko kazini Mombasa: kama nyama hizi husinyaa zenyewe, kwa nini tusingoje? Nikamweleza utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, wa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9. Nusu walipasuliwa mapema, nusu wakaangaliwa tu. Baada ya miezi saba vipimo vya usingizi vilirudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na asilimia 46 ya wasiopasuliwa. Tabia na hali ya maisha vilikuwa bora kwa waliopasuliwa, ingawa mtihani wenyewe wa umakini haukuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo kungoja si upumbavu, karibu nusu hutengemaa. Ila watoto wenye hali kali zaidi hawakuingizwa katika utafiti ule, na wetu alikuwa na uzito uliokwama na taya linaloendelea kuhama. Baba akanyamaza, kisha akasema, "Haya, daktari, mlete." Mimi si daktari, nimeshachoka kumsahihisha.

Upasuaji ulikuwa Mombasa, mafindofindo na adenoidi kwa pamoja. Nililolisisitiza ni kwamba asirudi kisiwani mapema. Damu ya koo huogopwa siku ya kwanza, kisha huogopwa tena kati ya siku ya 5 na ya 10, magamba yanapobanduka. Mtoto akitoka damu saa nane usiku wakati wa kusi, nani atamvusha mpaka Mokowe, bara, na kutoka Mokowe ni saa ngapi za barabara? Akakaa kwa shangazi mwingine, Kisauni, majuma mawili. Siku ya 4 shangazi alinipigia akilia: koo limekuwa jeupe, lanuka kama samaki aliyelala. Ule weupe ni kidonda kinachopona, si usaha. Aendelee na madafu, uji uliopoa na dawa za maumivu kwa saa zake, hata kama mtoto asema haumwi. Damu nyekundu, hata kijiko kimoja, ndiyo ya kukimbia nayo hospitali. Haikutoka.

Usiku wa kwanza nyumbani Lamu, bibi aliamka mara tatu kumwekea mkono kifuani. Nyumba ilikuwa kimya mno.

Miezi mitatu baadaye nilimpima. Kukoroma hakuna. Kukojoa kumebaki mara moja kwa majuma mawili hivi. Kilo 19 na nusu. Nyama anaitafuna. Chuoni, nasikia, bado ni mtundu. Si kila utundu ni wa koo. Mchana akitazama televisheni kinywa hufunguka, kwa mazoea na kwa mzio ambao haukukatwa na mtu, basi dawa ya pua inaendelea. Na taya la juu halikurudi hata milimita. Nilikuwa nimemwonya bibi: kufungua njia ya hewa hakunyooshi kilichokwisha kubana.

Kwa hilo alikwenda kwa mtaalamu wa kupanga meno, akiwa na miaka 8 kasoro. Katikati ya kaakaa kuna mshono wa mfupa ambao kwa mtoto bado haujafungamana, na hapo ndipo kifaa cha kupanua husukuma. Chake ni sahani ya plastiki yenye skurubu ndogo katikati. Mjomba huizungusha kwa ufunguo mwembamba kama sindano ya viatu, mara mbili kwa wiki, kila zungusho robo milimita. Mtoto huitoa kuonyesha wageni, akapata ya kujivunia. Jina la Papa lilishakufa. Sasa anaitwa Fundi.

Chini kushoto bado hapajatengenezwa. Nimepima: nafasi iliyopotea ni milimita nne. Jino linalostahili kuota pale huja kati ya miaka 11 na 12, na huenda gego likahitaji kurudishwa nyuma kwanza. Nilimweleza bibi yote hayo, pamoja na nani aliyeisababisha. Alifunga buibui lake, akachukua kijitabu, akakirudisha mkobani.

"Basi miaka minne," akasema. "Usihamishwe."